Nyongeza Ikiondoka, Kazi Inabaki Wapi?

Mpigapicha mwenzangu alinipa diski yenye picha za mahafali na kuniomba nimsaidie kuchagua zitakazotundikwa ukutani. “Nimeshazichuja,” alisema. “Zenye nyota tano ndizo, na nimezipanga katika makundi kufuata ukuta ulivyo.” Nilizifungua kwa programu ninayoitumia mimi, ambayo si ile anayoitumia yeye. Maelezo ya picha yalikuwapo. Nyota zilionekana kwenye baadhi ya picha na kwenye nyingine hazikuwapo. Makundi hayakuonekana kabisa, wala zile nakala za nyeusi na nyeupe alizokuwa amenisimulia kwa furaha.

Hakuna kilichokuwa kimepotea. Kila kitu kilikuwa salama kwenye kompyuta yake, ndani ya katalogi ya programu yake, na tulipokaa mbele ya kompyuta hiyo kazi iliisha mapema. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa baadaye, kila nilipofungua programu yangu, ambayo kwa miaka nimeirundikia priseti (mipangilio ya uhariri iliyohifadhiwa tayari), mikato ya kibodi, skripti na programu-jalizi za kila namna, swali lilelile lilikuwa likinikera.

Kati ya haya yote niliyoyaongeza, ni lipi lingesafiri kwenye diski ile?

## Nyota inaandikwa wapi

Mazungumzo kuhusu kuirekebisha programu ya picha ili imfae mtumiaji huanzia kwenye kasi: mkato gani unaokoa muda, priseti gani ina rangi nzuri, nyongeza gani inafanya kile ambacho programu yenyewe haikifanyi. Ni maswali halali. Ila siku hizi naona lipo swali linalostahili kuyatangulia, nalo ni la mahali: kitu ninachokiongeza kinaandika wapi matokeo yake? Kinaweza kuyaandika ndani ya hifadhidata ya programu. Kinaweza kuyaandika ndani ya faili ya picha, au katika faili ndogo ya XMP inayokaa kando yake. Kinaweza kuzaa faili mpya ya picha. Na kinaweza kutoandika chochote.

Katika Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, katalogi, ile faili yenye kiendelezi cha .lrcat, ni hifadhidata ya SQLite. Programu isipoelekezwa vinginevyo, nyota, maelezo na marekebisho ya picha ghafi (RAW, ambazo kamera haijazichakata) huandikwa humo peke yake. Anayetaka XMP ijazwe papo hapo sharti aingie kwenye mipangilio ya katalogi, sehemu ya metadata (taarifa zinazoambatana na picha), na kuruhusu mabadiliko yaandikwe moja kwa moja. Ama achague picha na kubonyeza Ctrl+S, au Command+S kwenye Mac, kila anapokumbuka. Hata akifanya hivyo, makundi, nakala pepe (zile zilizomo kwenye katalogi tu, bila faili yake) na historia ya hatua za uhariri havitoki nje ya katalogi, kwa kuwa haviandikwi kwenye XMP.

Programu huria ya darktable ina desturi tofauti. Nayo ina hifadhidata yake, lakini kwa kawaida huandika pia XMP kando ya kila picha bila kuombwa, na huipa jina refu, kwa mfano IMG_1234.CR2.xmp, ilhali Lightroom huandika IMG_1234.xmp. Tofauti hiyo ya jina ina faida yake, maana programu mbili zinaweza kuhudumia folda moja bila moja kuandika juu ya kazi ya nyingine. Hasara yake ni kwamba programu ya tatu inayoingia katika folda hiyo inakuta mashahidi wawili wenye maelezo tofauti. digiKam, programu nyingine huria, kwa upande wake hufuata jina refu, ila ina kisanduku cha kuiagiza itumie jina fupi linaloeleweka na programu za kibiashara. Kisanduku hicho ni kidogo, kimejificha ndani ya mipangilio ya metadata, na anayehamia au anayehama anapaswa kukitafuta kabla ya jambo lingine lolote.

XMP yenyewe ilitolewa na Adobe mwaka 2001, na mwaka 2012 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 16684-1. Thamani yake kwangu haiko kwenye namba ya kiwango. Iko katika ukweli kwamba ni maandishi matupu: ukiifungua kwa kihariri chochote cha maandishi unaona xmp:Rating, na mbele yake namba ya nyota.

Nyota, maelezo na maneno muhimu husafiri. Vitelezi vya mwangaza na rangi, kwa sehemu kubwa, havisafiri, kwa sababu kila programu ina hesabu zake za kugeuza picha ghafi kuwa picha ya kutazamwa. Namba 30 ya kivuli katika programu moja haina maana ileile katika nyingine. Hilo sioni njia ya kulikwepa, isipokuwa kutoa TIFF ya biti 16, yaani faili ya picha iliyokwisha kuhaririwa, kwa zile picha chache ambazo uhariri wake hauwezi kurudiwa.

## Priseti ni namba tu

Priseti ndiyo nyongeza ya kwanza ambayo wengi wetu huipata, na siithamini kiasi kile ambacho matangazo yake yanataka. Ukiiondolea jina la kuvutia na picha ya mfano, inabaki orodha ya namba za vitelezi. Tangu Aprili 2018, Lightroom Classic ilipoacha muundo wa .lrtemplate na kuanza kuhifadhi priseti katika muundo wa XMP, hata asiye fundi anaweza kuifungua na kuzisoma namba hizo. Mimi huzisoma kabla ya kuikubali priseti ya mtu mwingine, na mara nyingi nakuta kwamba mwonekano unaosifiwa umetokana na mkunjo mmoja wa toni, rangi ya kijani iliyofifishwa, na mwangaza uliopimwa kwa ajili ya picha ambayo si yangu.

Kwa hiyo unapohifadhi priseti yako, ondoa alama kwenye visanduku vya mwangaza na joto la rangi. Hayo mawili ni mali ya picha moja moja, na priseti inayoyabeba itaharibu kila picha iliyopigwa katika mwanga mwingine.

Priseti ninazozithamini kweli ni zile ambazo sizibofyi kamwe. Tangu mwaka 2020, Lightroom Classic inaruhusu kila modeli ya kamera iwe na priseti yake ya kuanzia kwa picha ghafi, na priseti inaweza kubadilika kulingana na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ili kupunguza chembe kuongezeke taratibu kadiri ISO inavyopanda. Katika darktable, priseti ya moduli yoyote (kifaa kimoja cha uhariri) inaweza kufungwa kwenye modeli ya kamera, lenzi, kiwango cha ISO au urefu wa fokasi, nayo itajitumia yenyewe picha inapofunguliwa kwa mara ya kwanza. Kazi ya saa moja ya kupanga mambo haya inazidi mkoba mzima wa priseti za kununua.

Na swali la mahali? Hapa jibu linaridhisha, kwa kuwa priseti ikishatumika, namba zake huandikwa kwenye rekodi ya picha yenyewe. Ukiifuta priseti, picha haibadiliki. Ila kuna tundu moja. Priseti inayotegemea wasifu wa rangi uliotengenezwa na mtu mwingine huhitaji wasifu huo uwepo, na ukihamia kompyuta nyingine bila kuubeba, programu itakupa onyo kwamba wasifu haupatikani. Namba zimefika, kilichozipa rangi kimebaki.

## Vidole

Kuhusu mikato ya kibodi na mpangilio wa paneli sitasema mengi. Katika Lightroom Classic, washa Caps Lock unapochuja, na kila utakapotoa nyota programu itasonga yenyewe hadi picha inayofuata. Bofya kichwa cha paneli kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufiche zile usizozigusa, na uchague hali inayoacha paneli moja tu wazi kwa wakati. Katika darktable unaweza kujitengenezea makundi ya moduli yenye vile unavyovihitaji tu, jambo linalopunguza ule woga ambao programu hiyo huwatia wageni.

Nyongeza ya MIDI2LR inaunganisha Lightroom Classic na vifaa vya MIDI vyenye vifundo vya kuzungusha, vilivyobuniwa kwa ajili ya muziki, na darktable tangu toleo la 3.8 la Desemba 2021 inapokea vifaa hivyo, pamoja na vidhibiti vya michezo, bila nyongeza yoyote. Kuzungusha kifundo huku macho yakiwa kwenye picha, badala ya kukisaka kitelezi kwa kipanya, ni raha ambayo siwezi kuibishia.

Hapa ndipo hoja yangu ilipoanza kuyumba.

Kama kigezo ni kile kinachobaki, vidole haviachi chochote. Kifundo kikikatika kesho, hakuna alama yake kwenye picha hata moja. Je, basi ni nyongeza mbaya? Nililizungusha jambo hili kichwani kwa siku kadhaa kabla ya kuona kwamba nilikuwa nikiuliza nusu ya swali. Kisichoacha kitu hakina hatari iwapo hakikukabidhiwa kitu. Kifundo hakikupewa siri yoyote kuitunza. Kilisogeza kitelezi, na kitelezi kikaandika. Hatari iko kwenye nyongeza zinazopokea maarifa yetu kuhusu picha, zikayaweka mahali ambapo zenyewe tu zinaweza kuyasoma.

Jambo moja la nyumbani kabla sijaendelea: mipangilio ya vidole nayo ni kazi, na nakala rudufu ya katalogi ya Lightroom haiibebi, wala haibebi priseti. Folda ya priseti hufunguliwa kwa kitufe kilichomo katika mapendeleo ya programu. Iingize kwenye ratiba yako ya kunakili. Kwa darktable kwenye Linux, nakili folda nzima ya .config/darktable, ambamo library.db hutunza rekodi za picha na data.db hutunza priseti, mitindo na lebo.

## Sehemu zinazoonekana kama metadata

Programu-jalizi za Lightroom Classic huandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Lua, na darktable nayo inapokea skripti za lugha hiyohiyo. Kwa upande wa Lightroom kuna nyongeza nzuri kweli. Any Filter ya John Ellis, kwa mfano, inatafuta picha kwa vigezo ambavyo kichujio cha programu hakivijui. Nyongeza ya namna hiyo inasoma tu na kukusanya, na kile ilichokikusanya unaweza kukipa neno muhimu likaandikwa kwenye XMP kama neno lingine lolote.

Zipo nyingine za namna tofauti. Msanidi wa programu-jalizi ya Lightroom anaruhusiwa kubuni sehemu zake mwenyewe za metadata: hali ya malipo, jina la mteja, tarehe ya mwisho ya leseni, chochote. Sehemu hizo huonekana kwenye paneli ileile ya metadata, zenye mistari ileile na maandishi yaleyale, na mtumiaji hana sababu ya kuzishuku. Lakini huandikwa kwenye katalogi peke yake. Haziingii kwenye XMP hata uwashe uandishi wa moja kwa moja, hata ubonyeze Ctrl+S mpaka kitufe kichakae. Hali kadhalika kumbukumbu za huduma za kuchapisha, zile zinazojua ni picha ipi imeshapelekwa kwenye tovuti ipi na ipi imebadilika tangu hapo: zote ni za katalogi.

Nilikuwa karibu kuanza kutumia nyongeza ya aina hii ili nitunze ruhusa za watu waliomo kwenye picha. Ilikuwa na menyu nzuri ya kuchagua, na rangi ya kijani kwa walioridhia. Kilichonizuia ni kugundua kwamba kiwango cha kimataifa cha metadata za picha kiitwacho IPTC kimekuwa na nafasi za mambo haya kwa muda mrefu: masharti ya matumizi, hali ya ridhaa ya anayepigwa picha, maagizo maalumu, namba ya kazi. Nafasi hizo hazina rangi ya kijani. Kuzijaza kunachosha, na baadhi zimefichwa chini ya orodha ambayo lazima uivute hadi mwisho. Ila huandikwa kwenye XMP, na programu nyingine nyingi huzisoma.

Nilizitafakari njia hizo mbili kwa muda mrefu kuliko jambo hili linavyostahili, pengine kwa sababu menyu ile ilikuwa nzuri sana. Mwishowe nilitengeneza kiolezo cha metadata chenye nafasi za IPTC zilizojazwa nusu, kinachotumika wakati wa kuingiza picha, na uchovu ukapungua kiasi cha kuvumilika.

## Zilizoondoka

Anayedhani mashaka haya ni ya kinadharia azikumbuke programu ambazo zimeshaondoka. Apple ilitangaza mwaka 2014 kwamba haiendelezi tena Aperture, programu yake ya picha, ikaiondoa sokoni mwaka 2015, na tangu macOS Catalina ya mwaka 2019 programu hiyo haifunguki. Waliohamia Lightroom walipewa chombo cha kuingiza maktaba zao: nyota na maneno muhimu vikapita, marekebisho ya vitelezi hayakupita. Google ilisitisha Picasa mwaka 2016. Wale waliokuwa nayo bado wanaweza kukuta ndani ya folda zao faili za .picasa.ini, ambazo ni maandishi na zinasomeka, ingawa ni wachache wanaojua wazisome kwa kutafuta nini.

Nyongeza nazo zina misukosuko yake. Nik Collection, mkusanyiko wa nyongeza za kuhariri picha, ilinunuliwa na Google pamoja na kampuni yake mwaka 2012, ikatolewa bure Machi 2016, kisha ikauzwa kwa DxO Oktoba 2017. Ingeweza kufia njiani mara mbili. Lakini aliyetengeneza picha za nyeusi na nyeupe kwa nyongeza hiyo kupitia Lightroom alipata faili mpya ya TIFF kwa kila picha, na TIFF hiyo haijali nani anamiliki nini. Kwa muda mrefu nilizichukia nyongeza zinazozaa TIFF kwa sababu zinajaza diski. Bado zinajaza diski, ila chuki imepoa.

## Chombo kisichoingia ndani ya programu

Nyongeza ninayoitegemea kuliko zote haichomekwi popote. ExifTool ya Phil Harvey, iliyoanza mwaka 2003 na kuandikwa kwa Perl, hutumika kwa mstari wa amri, haina kitelezi wala picha ndogo, na inasoma metadata za karibu kila aina ya faili ya kamera. Saa ya kamera ikiwa nyuma kwa saa moja, amri hii inaisogeza mbele kwa folda nzima:

exiftool -AllDates+=1 folda

Isipoambiwa vinginevyo, huacha nakala ya kila faili ya awali ikiwa na _original mwishoni mwa jina, adabu ambayo programu nyingi zenye sura nzuri hazina. Marekebisho ya saa, kwa njia, ni balaa la muda mrefu, kwa sababu Exif, ule muundo ambao kamera huutumia kuandika tarehe na mipangilio ndani ya faili, haikuwa na mahali pa kuandika tofauti ya ukanda wa saa hadi toleo la 2.31 la mwaka 2016, na kamera za kabla ya hapo ziliandika saa tupu bila kusema ni saa ya wapi.

Matumizi ninayoyapendekeza zaidi ni ya ukaguzi:

exiftool -r -ext xmp -XMP:Rating -XMP:Subject -csv folda > orodha.csv

Amri hii inapita kwenye faili zote za XMP ndani ya folda na kutoa jedwali lenye nyota na maneno muhimu. Safu ya nyota ikiwa tupu pale ambapo skrini ya programu yako inaonyesha nyota, umepata jibu la swali la mahali bila kumuuliza mtu. Wanaotumia DNG, muundo wa picha ghafi wa Adobe, hawatakuta faili ya pembeni, kwa sababu XMP huandikwa ndani ya DNG yenyewe; waambie ExifTool itazame -ext dng. Urahisi huo una gharama yake: kubadili nyota moja kunabadili faili nzima, na chombo cha nakala rudufu kitainakili upya yote.

Maneno muhimu yenye matawi yanahitaji uangalifu wa peke yake. Orodha bapa huandikwa katika dc:subject, ambayo karibu kila programu inaisoma. Matawi, yaani “wanyama” juu na “ndege” chini yake, Lightroom huyaandika katika lr:hierarchicalSubject, na digiKam ina nafasi yake pia iitwayo TagsList. Programu isiyosoma nafasi hizo itaona maneno yako yote yamelala sakafuni. Toa orodha yako ya maneno kama faili ya maandishi kupitia menyu ya metadata ya Lightroom mara kwa mara. Matawi huhifadhiwa kwa nafasi za tabo, na inasomeka hata bila programu yoyote.

## Kinachosafiri kupita kiasi

Nilifikiri nimemaliza hadi nilipofika kwenye nyuso. Lightroom Classic na digiKam huweza kutambua sura, na jina unalolithibitisha linaweza kuandikwa kwenye metadata pamoja na eneo la uso ndani ya picha, kwa muundo uliokubaliwa na kundi la kampuni lililojiita Metadata Working Group. Kwa kigezo nilichokuwa nikijisifia, huu ni mfano bora: maarifa hayabaki ndani ya programu, programu nyingine inayasoma, picha inabeba majina yake popote iendapo.

Popote iendapo, yaani pamoja na kwenye tovuti na kwa mteja wa mteja.

Kilichonisumbua siku zote hizo kilikuwa kutosafiri kwa kazi, na hapa nilikuwa natazama majina ya watoto wa watu, na pengine viwianishi vya mahali walipopigwa picha, yakiwa tayari kusafiri na kila JPEG. Kigezo hakikuanguka, lakini kilihitaji mlango wa pili. Faili ghafi na XMP zake hubeba kila kitu, kwa kuwa hizo ni zangu na hazitoki. Faili zinazotoka hupita kwenye priseti ya kutoa picha ambayo imewekewa alama katika visanduku viwili vya Lightroom, cha kuondoa taarifa za watu na cha kuondoa taarifa za mahali, na ndiyo niliyoiweka juu kabisa kwenye orodha ili mkono uikute kwanza. Kisha, kabla ya kuzituma, naipitisha ExifTool kwenye folda ya zinazotoka nikitafuta majina, kwa sababu kisanduku kilichowekewa alama leo kinaweza kukutwa kitupu baada ya programu kusasishwa.